Troli wanne mezani, hela ya mmoja: nimchukue yupi?

ShangaziRehema
Wadau habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka, jibu linatakiwa Jumamosi. Kuna wadoli wa troli wa zamani, wale wafupi wenye kitumbo na nywele zilizosimama kama wamepigwa shoti ya umeme. Nimepewa nafasi ya kuchagua kabla hawajapelekwa mnadani. Yuko mmoja mkubwa mwenye nywele za kijivu na nguo nyekundu, dola 140. Wako wadogo wawili wanaouzwa pamoja, mmoja nywele za chungwa, mwingine nyeupe, dola 60. Halafu yuko twiga. Ndiyo, twiga, ila sura ya troli. Huyo dola 175. Mfuko wangu unaishia 180. Adimu ni yupi?

FundiSaa_Minnesota
Dada, bado hujatuambia kitu. Mkubwa ni inchi ngapi? Chapa iko wapi, mgongoni, shingoni au nyayoni, na inasomekaje? Macho ni kioo au plastiki? Nywele ni sufu au nailoni? Ulivyouliza ni sawa na mtu anayesema kuna gari jeupe na gari jekundu, ninunue lipi. Picha za nyayo tafadhali.

Mwana_Tandale
Mimi nimeona kichwa cha habari nikadhani ni toroli ya kubebea mizigo, nikaja mbio. Kumbe wadoli! Dola 175 kwa twiga wa plastiki? Hapa Kariakoo wale wenye nywele za pinki wanamwagwa chini kwenye turubai, unachagua mwenyewe.

Kaka_wa_Aalborg
Wa kwenye turubai ni uzao wa filamu ya Trolls ya 2016, huyo anayeulizwa ni babu yao. Mimi nakaa Aalborg, Denmark, na kijiji walikotoka kinaitwa Gjøl, hapo ng'ambo ya mkono wa bahari wa Limfjord. Thomas Dam alikuwa mchonga mbao, na wanasema wa kwanza alimchonga kwa ajili ya bintiye. Mwaka 1959 akaanza kuwatengeneza wa kuuza, na wale wa mwanzo walikuwa wa mpira, ndani wameshindiliwa maranda ya mbao. Vinili, yaani plastiki laini, imekuja baadaye. Nywele ni sufu ya kondoo. Kwa hiyo Rehema, mchukue huyo mkubwa, mtikise taratibu sikioni. Ukisikia mchakacho kama wa mto wa maranda, usiulize tena. Lipa.

FundiSaa_Minnesota
Kaka, usimwambie mtu "lipa" kabla hajaona chapa. Mimi nimeshaliwa kwa haraka ya namna hiyo, na nitasimulia mjue.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa napita Wisconsin, nikaingia kwenye duka moja la vitu vya kale. Kwenye kabati la kioo yuko troli mwenye mkia, nywele nyekundu kama damu ya mzee, macho ya kahawia. Kikaratasi kinasema "Dam, miaka ya 60, adimu sana", dola 220. Wenye mikia wanatafutwa, nyote mnajua. Mikono ikaanza kunitetemeka. Muuzaji akaniambia kuna mwingine amempigia simu, anakuja saa 10. Nikatoa hela. Sikugeuza nyayo! Mimi ambaye kazi yangu ni kufungua saa na kutazama chapa kwa lenzi siku nzima, sikugeuza nyayo.

Nimefika nyumbani, nywele zina harufu ya ghala, nikasema nimsafishe. Maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya mtoto. Dakika moja beseni limekuwa jekundu. Ya pili, mkia unaelea. Nimeutoa majini umeshikana na gundi ya njano bado mpya, na pale ulipokuwa pamebaki alama laini, hakujawahi kuwa na mkia pale tangu azaliwe. Nikavuta nywele kidogo, nikaona gundi mpya juu ya gundi kuukuu. Nyayoni sasa: mguu wa kushoto umesuguliwa msasa. Ukimshika upande mwangani unaona ubavu wa herufi H na mwisho kama G. Nadhani mnaweza kujaza wenyewe katikati, jina la mji lina maneno mawili.

Nikachoma unywele mmoja. Sufu inanuka kama nywele zako zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kidoleni. Huu uliyeyuka ukawa kishanga kigumu cheusi. Nilirudi dukani, nikaonyeshwa kibao ukutani: vitu vya kale havirudishwi. Mke wangu amemweka juu ya friji na kumpa jina Mkia. Kila mgeni anasimuliwa.

Kwa hiyo nyayo kwanza, mengine baadaye.

BintiPemba
Pole kaka, hapo uliuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini mie nauliza lingine. Mnaweka midude hii chumbani mnalala? Nyanya yangu angeona jitu lenye meno yale na nywele zile angeita mtu wa kusoma dua. Hiki kibwengo kabisa.

Kaka_wa_Aalborg
Binti, watu wa huku wanasema analeta bahati. Wanaita Gjøltrold, yaani troli wa Gjøl. Jirani yangu mzee kamweka dirishani anatazama barabara.

BintiPemba
Bahati ipi, na wao wenyewe hadithi zao troli anakula watu?

Mwalimu_Kisauni
Tusimchanganye na kibwengo. Kibwengo wetu anakaa pwani na ana mambo yake na mtu. Troli wa hadithi za Norwei ni karibu na zimwi: mkubwa, mzito wa akili, anakaa mlimani, na jua likimkuta nje anageuka jiwe. Ila Mdenmaki huyu alimfanya mdogo na mwenye kucheka. Ukimwona anacheka huwezi kumwogopa, hiyo ndiyo hila ya Dam. Zimwi halicheki bure.

ShangaziRehema
Nimerudi. Nilikuwa kazini. Nimewapima kwa utepe wa cherehani. Mkubwa ni inchi 12. Nyayo hazina kitu. Mgongoni kuna maandishi yaliyofifia, naona D na A, mengine siyaoni. Nimemtikisa, kweli anachakacha! Ila ni mgumu kama soli ya kiatu, na kwapani ana ufa ambao kucha inaingia. Wadogo: wa chungwa ana kama viatu viwili vya farasi nyayoni. Mweupe hana alama yoyote, macho yake ni ya kioo nadhani, maana ni baridi ukiyagusa na mdomo. (Msinicheke.) Twiga ana maandishi mazima: Dam Things Est. 1964. Hajapasuka popote, ila anateleza mkononi, kama kapakwa mafuta.

FundiSaa_Minnesota
Sasa tunazungumza. Mwenye viatu vya farasi ni Wishnik wa Uneeda, kampuni ya New York. Wako wengi, si adimu, lakini wazuri. Twiga kuteleza ni vinili inayotoa jasho: ile dawa inayofanya plastiki iwe laini inapanda juu. Mara nyingi anakuwa amefungiwa kwenye mfuko wa nailoni miaka mingi. Mfute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, umwache kwenye hewa, usimrudishe mfukoni. Huyo angekuwa wangu. Wanyama wa Dam hawaonekani kila siku, na chapa inasomeka.

Tahadhari moja: 1964 ni mwaka wa haki miliki. Anaweza kuwa alitoka kiwandani baadaye.

Kaka_wa_Aalborg
Mkubwa! Mkubwa! Anachakacha, mnataka nini tena? Huyo ni wa mpira, wa siku za mwanzo. Wishnik ni kopi tu, asihesabiwe.

Mwalimu_Kisauni
"Kopi tu" hapana, ndugu yangu. Mwaka 1965 mahakama ya shirikisho kule Washington iliamua kwamba mdoli huyu hana ulinzi wa haki miliki Marekani, kwa vile Dam alikuwa ameshawauza wengi bila tangazo la haki miliki kama sheria ilivyotaka wakati ule. Baada ya hapo mlango ukawa wazi, kila mwenye kiwanda akafyatua wa kwake. Ilibidi kungoja sheria ya 1994, iliyorudisha haki za kazi za kigeni, ndipo kampuni ya Denmark ikapata pa kusimamia tena. Katikati hapo hao wa Marekani walikuwa halali, na wana wakusanyaji wao.

Kaka_wa_Aalborg
Halali mahakamani, sawa. Kaa na mmoja wa Gjøl na mmoja wa New York mezani uangalie sura. Huyu anacheka na wewe, yule anakucheka wewe.

Mwana_Tandale
😂😂 hiyo nimeiiba

FundiSaa_Minnesota
Na ufa wa kwapani mmeuruka? Mpira wa asili ukishaanza kukauka haurudi. Leo kucha, mwakani kidole, halafu mkono unabaki kwenye rafu. Rehema, hao walikuwa wamehifadhiwa wapi?

ShangaziRehema
Gereji, huku Ohio. Kwenye boksi.

FundiSaa_Minnesota
Gereji ya Ohio! Kiangazi tanuri, majira ya baridi barafu. Basi huyo mkubwa ni mgonjwa. Bei ya 140 ni ya mzima.

Mwalimu_Kisauni
Bei ishushe kwa kumwonyesha ufa, usimwambie kwamba anachakacha. Na mweupe asiye na chapa, mwenye macho ya kioo, mbona mnampita? Dam wengine wa mwanzo hawakuwa na alama. Choma unywele mmoja.

BintiPemba
Mnachoma nywele za kibwengo usiku. Mie simo.

Mama_Baraka_KC
Samahani kuingilia. Rehema, unasema "nimepewa nafasi". Umepewa na nani? Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na wewe naona kama ni hiyo hiyo. Kampuni nyingi zinakataza kupokea kitu kutoka kwa mteja, hata kununua kwa bei ya chini. Niliona mwenzetu aliachishwa kazi kwa shuka la kitanda, alipewa na bibi kwa mkono wake. Hakuna aliyesikiliza. Uwe na karatasi.

ShangaziRehema
Ahsante mama. Ndiyo, ni bibi niliyemhudumia miaka mitatu, amefariki mwezi wa pili. Anayeuza ni binti yake, nimeshaacha kazi ile, na ataniandikia risiti. Nimemwuliza msimamizi wangu wa zamani akasema hakuna shida. Yule mweupe alikuwa kwenye mfuko wa kiti chake cha magurudumu. Kila asubuhi nikimchana bibi, naye anamchana yule kwa mswaki wa zamani. Ndiyo maana nywele zake zimelala upande mmoja, si kwamba zimeharibika.

FundiSaa_Minnesota
Sasa ndiyo unasema! Nimeandika aya tano juu ya gundi na msasa, kumbe swali lilikuwa lingine. Unanunua kuweka au kuuza?

ShangaziRehema
Vyote viwili kaka. Nina ada ya mdogo wangu Morogoro mwezi wa tisa. Nilifikiri nikipata adimu namwuza, nabaki na mweupe. Lakini mweupe na wa chungwa hawatenganishwi, 60 kwa pamoja. Na 60 kujumlisha 140 ni 200.

Mama_Baraka_KC
Mwambie binti yake habari ya mswaki. Pengine hajui.

Mwalimu_Kisauni
Au 60 kujumlisha 120, kwa ajili ya ufa. Hiyo ni 180 kamili.

FundiSaa_Minnesota
Kununua mgonjwa ili umwuze haraka kabla mkono haujadondoka, hiyo si biashara, ni kamari. Twiga unamfuta na sabuni, unampiga picha, kesho yake ana mnunuzi. Lakini twiga anakula hela yote, mweupe anabaki. Sijui nikwambie nini. Kama unaweza, pale Alliance, huko huko Ohio, kuna makumbusho ya troli peke yao, maelfu. Kutoka Columbus ni kama saa mbili kwa gari. Piga simu kwanza, wapelekee picha za mgongo wa yule mkubwa. Wameona wengi kuliko sisi sote humu.

Mwana_Tandale
Makumbusho ya midoli?? Na sisi tuna mjusi wetu wa kale, dinosa mrefu kuliko nyumba, yuko Berlin, hata jino hatujarudishiwa.

Mwalimu_Kisauni
Hilo la mjusi wa Tendaguru lina uzi wake, lakini kwa vile umelianzisha, mifupa ile ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, na waliobeba mizigo kichwani hadi Lindi walikuwa babu zetu...

Kaka_wa_Aalborg
Mwalimu, turudi kwenye maranda.

ShangaziRehema
Jumamosi hii hapa. Nimefika asubuhi, binti akasema dada yake kachukua twiga jana usiku kwa ajili ya wajukuu. Mkubwa bado yuko 140, kakataa kushusha, anasema ufa ni wa uzee tu. Nimemweleza habari ya mswaki, akanyamaza kidogo, akaingia ndani kuutafuta. Nimekaa kwenye gari nawaandikia. Naona anarudi.

Kaka_wa_Aalborg
MKUBWA

FundiSaa_Minnesota
Kaka acha.

Mpita_Njia_254
Habarini, mimi ni mgeni hapa. Nimepata troli kwa mitumba Gikomba, nywele za pinki, tumboni ana jiwe la plastiki. Anaweza nipa ngapi?

FundiSaa_Minnesota
Picha za nyayo.