Tupeane uzoefu: eTA ya Kenya (ile idhini ya mtandao ya kuingia nchini) ilivyokukuta kwenye safari ya siku mbili tatu

Mama Wawili
Habarini ndugu zangu. Leo nimeenda mjini Arusha kukata tiketi ya shato ya Nairobi, kijana wa tiketi kaikunjua pasipoti yangu akaniuliza "dada, hii ya Sweden, eTA unayo?" nikaganda palepale maana yalinirudia yote ya 2024.

Mwaka ule ilikuwa Februari, mtoto wa mama mdogo anaolewa South C, tumeondoka nyumbani Ngarenaro watu watano, mimi, mama, kaka, wifi na shangazi, vitenge vya sare tumevaa kabisa ili tukifika tuingie ukumbini moja kwa moja. Namanga tumefika saa nne asubuhi. Mama ana karatasi yake ya muda ya kusafiria tu, kapita. Kaka kapita. Wifi kapita. Shangazi ambaye hata kusoma hajui kapita. Mimi dirisha la Tanzania wamenigongea muhuri wa kutoka, nikasogea dirisha la Kenya, afisa akaniuliza eTA, nikamwambia kaka yangu mimi nimezaliwa kilomita mia na kitu kutoka hapa, lugha tunayoongea ni moja, akanijibu kwa upole kabisa, "nakuelewa dada yangu, lakini mimi naangalia hii kitabu uliyonipa, na hiyo haitolewi hapa bodani, inaombwa kwa mtandao kabla hujafika." Hakunitukana, hakuniomba kitu, ndiyo maana iliniuma zaidi kwa sababu sikuwa na wa kumkasirikia. Muhuri wakaufuta, nikapanda noah kurudi Arusha peke yangu na kitenge changu, mama kabaki amesimama upande wa pili ananipungia.

Sasa mama mdogo huyohuyo amelazwa Nairobi, anafanyiwa operesheni Ijumaa. Leo Jumatatu. Niko na wanangu wawili, mmoja miaka tisa na mwingine miezi minane. Nimeshatuma maombi ya sisi watatu mchana huu. Naombeni uzoefu wenu, nilale.

Kijana wa Kwa Mrombo
Pole dada. Namanga hiyohiyo, mimi pasi ya Canada. Nilirudi na keki ya harusi mapajani.

Mtu wa Mtwapa
Pole sana mama. Hiyo kitu ilianza Januari 2024. Rais alitangaza siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba 2023, akasema viza imeondolewa, watu wakashangilia, wengi hawakusikiza ile nusu ya pili kwamba kila mgeni sharti aombe idhini ya mtandao kabla ya safari. Mimi mke wangu ni Mjerumani tunakuja Mtwapa kila Desemba. Mara ya kwanza walikataa picha ya pasipoti yake mara mbili na hatukuambiwa ni kwa nini, tukakaa na simu mpaka usiku tukaja kugundua kwamba nilipiga picha nikakata ile mistari miwili ya chini, ile yenye <<<<< nyingi. Hiyo mistari ndio mashine inasoma. Piga picha ukurasa mzima, mchana, karibu na dirisha, bila flashi maana flashi inaacha doa jeupe juu ya jina.

Dada wa Leicester
Na mtoto mchanga naye ana yake! Wengi wanadhani wa miezi minane anapitia ya mama. Hapana, kila kichwa na eTA yake. Umefanya vizuri umeomba tatu.

Mama Wawili
Nimeomba tatu ndiyo, ila selfi ya mdogo nimepiga mara kumi na tano, hataki kutulia.

Mtoto wa Bukavu
Mulaze kitandani juu ya shuka nyeupe, simama juu yake upige. Ya wangu ilikubalika hivyo. Mimi niko mutoto wa Bukavu, nakaa Liège, nilikuwa naenda kuona dada yangu Nairobi siku ine tu. Dada yangu na pasipoti ya Congo anaingia Kenya bila kuombwa kitu, Congo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Miye na ya Ubelgiji nalipa. Tumbo moja, mama moja.

Abu Salim Maskat
Assalaam alaykum. Sikutaka kuandika lakini nimesoma habari ya yule mama aliyebaki amesimama upande wa pili anapunga mkono, nimeshindwa kulala.

Mimi naishi Maskat, nimezaliwa Mombasa, Kibokoni, pasi yangu ya Oman. Marehemu baba alikataa kuhama, alisema atazikwa alipozikwa baba yake. Mwaka jana mwezi wa kwanza nilikwenda kumuona wiki moja, nikaomba eTA nikapata bila taabu yoyote, nikaichapisha, nikaiweka ndani ya pasi. Nikarudi Maskat. Mwezi wa tatu, siku ya Jumatano baada ya magharibi, ndugu yangu akanipigia, hakusema kitu, nikasikia wanawake nyuma wanalia, nikajua.

Nikakata tiketi ya usiku uleule. Karatasi ya eTA nilikuwa nayo ndani ya pasi na juu yake nilisoma siku 90, nikahesabu kwa vidole, siku 90 hazijesha, nikasema alhamdulillah hilo halina shida. Kumbe sikuelewa. Zile siku 90 ni za kuingia, na ukishaingia mara moja ndiyo imekwisha, ni ya mara moja tu. Kwenye kaunta ya ndege binti akaitazama mashine yake, akaniambia kwa Kiarabu hii umeshaitumia. Nikamwambia baba yangu amekufa. Akalia machozi, wallahi alilia, lakini akasema nikikupandisha watakurudisha na ndege na mimi nitaulizwa.

Nikakaa chini palepale kwenye sakafu ya uwanja, watu wanapita na masanduku, nikaanza kujaza fomu upya kwenye simu. Namba ya ndege, anuani ya unapofikia, kazi yako, sababu ya safari. Hapo kwenye sababu ya safari mikono ilikuwa inatetemeka. Nikalipa. Nikangoja. Ndege ikaondoka. Ndugu yangu akapiga akasema tumemuosha, tutakungoja mpaka alasiri, zaidi ya hapo hatuwezi na wewe mwenyewe unajua. Alhamisi adhuhuri ikapita. Alasiri ikaingia. Nikamwambia mzikeni.

Ndugu yangu aliweka simu kwenye mfuko wa kanzu na hakuikata. Nikasikia njia yote mpaka makaburini, nikasikia wanapokezana jeneza, nikasikia majembe. Nilikuwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, sikutaka kwenda nyumbani. Jibu liliingia Ijumaa saa mbili asubuhi. Nikafika Mombasa Jumamosi, nikaikuta hitma.

Simlaumu mtu. Nasema tu, mwenye mzazi mkubwa Kenya na pasi ya nje, siku ukirudi kutoka safari usiseme ninayo. Huna.

Dada wa Leicester
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwenyezi Mungu amlaze pema. Nimelia.

Mtu wa Mtwapa
Pole sana ndugu yangu. Makiwa.

Kijana wa Kwa Mrombo
Makiwa mzee wangu. Hiyo ya simu kwenye kanzu, aisee.

Mama Wawili
Abu Salim pole baba yangu. Nimemsomea mama kwa sauti, anasema nikufikishie pole zake, anamuombea mzee.

Mzalendo wa Kwetu
Poleni wafiwa. Ila tuseme ukweli, pasi za nje mmezichukua wenyewe hamkulazimishwa. Mtanzania mwenye pasi ya Tanzania anaingia Kenya bila hata senti. Nchi ina haki ya kujua nani anaingia. Mbona hamlalamiki mkiombwa na wazungu?

Dada wa Leicester
Mzalendo hapa si mahali pake, mtu amezika kwa simu. Lakini kwa kuwa umeuliza nitakujibu. Mimi nimezaliwa Tanga. Nilipochukua pasi ya Uingereza sheria ya kwetu ikanivua ya Tanzania, uraia pacha hatuna. Mkenya wa Leicester jirani yangu ana zote mbili, katiba yao ya 2010 imewaruhusu, anafika Nairobi anatoa ya Kenya anapita. Mimi kwenda Mombasa kwa basi kupitia mpaka wa Horohoro kumsalimia wifi yangu, saa chache tu kutoka nyumbani, naomba idhini sawasawa na mtalii. Na tunalalamika sana kwa wazungu usidhani hatulalamiki. Uingereza nao wana ya kwao, ilianza pauni 10 ikapanda 16 mwezi wa nne 2025, lakini ukishapata inakaa miaka miwili na unaingia na kutoka utakavyo. Ingekuwa ya Kenya iko hivyo, Abu Salim angemzika baba yake. Hicho ndicho tunachosema.

Mzalendo wa Kwetu
Sikumaanisha msiba. Kwa mzee naomba radhi. Lakini hoja yangu ya haki ya nchi naishikilia.

Mtoto wa Bukavu
Hata pasipoti za Afrika sasa karibu zote Kenya imeziondolea, tangu uamuzi wa 2025, isipokuwa Somalia na Libya. Tatizo ni kitabu, si damu. Basi tusigombane sisi kwa sisi.

Mtu wa Mtwapa
Na mimi kama Mkenya ningeomba wafikirie ya kuingia mara nyingi, hata kwa bei ya juu. Wageni wetu wa Mtwapa wakienda Dubai wiki moja kumalizia biashara wakirudi ni kuanza moja. Hii inaumiza watu wa nyumbani kuliko watalii. Mtalii anakuja mara moja kwa maisha. Ni mtu wa nyumbani ndiye anarudi na kurudi.

Binti Toronto
Jamani na tovuti za uongo! Mimi niliandika tu "eTA Kenya" nikabonyeza ya kwanza juu, ina bendera, ina simba, ina kila kitu, nikalipa dola 98 na nikawapa picha ya pasipoti yangu. Siku ya tatu wakanitumia imeili kwamba kuna ada ya haraka dola 40. Hapo ndipo nikashtuka nikamuuliza binamu yangu Nairobi, akaniambia ada ya serikali ni dola 30 na vijisenti vya malipo ya kadi, na anuani yenyewe ni etakenya.go.ke, ukiona haiishii na go.ke ondoka. Benki ilinirudishia sehemu tu. Kilichoniuma si pesa, ni kwamba picha ya pasipoti yangu iko kwa watu nisiowajua.

Fundi Mabegi
Ndiyo maana nasema tumieni wakala. Mimi namtumia kijana mmoja, namlipa, nalala, asubuhi ninayo.

Binti Toronto
Wakala huyo naye unampa picha ya pasi yako kwa WhatsApp, sasa tofauti iko wapi?

Fundi Mabegi
Namjua mpaka kwao.

Kijana wa Kwa Mrombo
Wakala wa mwenzangu alijua mpaka kwao na bado aliandika herufi O badala ya sifuri kwenye namba ya pasi, jamaa akalala Namanga. Jaza mwenyewe, halafu mpe mtu mwingine akusomee namba moja moja kwa sauti huku wewe unatazama pasi. Dakika mbili tu.

Dada wa Leicester
Na mje nayo kwenye karatasi, msitegemee simu.

Mtu wa Mtwapa
Mke wangu huonyesha kwa simu tu, hawajawahi kumsumbua.

Dada wa Leicester
Simu yangu ilizima Horohoro saa sita za usiku, basi zima linaningoja mimi. Karatasi.

Fundi Mabegi
Kwa siku ngapi kabla? Mimi naomba mwezi mzima kabla.

Mtoto wa Bukavu
Wanasema siku tatu za kazi. Yangu ilichukua siku moja, ya mume wangu siku tatu, tulituma saa ileile.

Kijana wa Kwa Mrombo
Dada Mama Wawili, Jumatatu mpaka Ijumaa una nafasi. Usifungue imeili kila dakika kumi utaumia. Angalia na kasha la takataka, ya kwangu iliangukia huko.

Abu Salim Maskat
Mama Wawili, mimi nina rai moja. Zikija, zitazame majina ya watoto herufi kwa herufi kabla hujafika bodani. Na kama ya mmoja itachelewa, tangulia wewe, watoto wabaki na bibi yao. Usimngoje mtu wa kumuona kwa sababu ya karatasi.

Mama Wawili
Nimekusikia baba. Nimeshaongea na mama, yuko tayari kubaki nao.

Mama Wawili
Jumatano, saa kumi na moja alfajiri. Nimeamka kunyonyesha nikafungua simu. Yangu imekubaliwa. Ya mkubwa imekubaliwa. Majina yako sawa, nimeyasoma mara tatu. Ya mdogo bado inaandika inashughulikiwa. Kaka amenikatia kiti cha shato ya Alhamisi asubuhi.

Abu Salim Maskat
Alhamdulillah. Mdogo hata akibaki, wewe nenda. Mpe mama mdogo salamu zetu.

Dada wa Leicester
Chapisha!

Mama Wawili
Stationari inafunguliwa saa mbili. Nitakuwa mlangoni.