Mama alikuja kututembelea tu, sasa nina bili ya dola 58,900. Nilipe au nifanyeje?

mwana_ngamiani (Houston)

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Naomba mawazo maana wiki ya pili hii silali vizuri.

Mama alikuja kutoka Tanga mwezi wa tatu, visa ya matembezi, nikamkatia ile bima ya wasafiri ya bei chee ya mtandaoni nikajiona mjanja. Wiki ya tano usiku wa manane tumbo likaanza kumkata, anajikunja, hataki maji hataki chai, mke wangu akasema huyu hatufiki naye asubuhi tukamkimbiza emajensi. Kidole tumbo, na kilishaanza kupasuka. Wakampasua alfajiri akalala siku mbili. Huduma sina la kusema kwa kweli, hadi kulikuwa na nesi Mkenya akiingia tu anamwamkia, mama akawa anamsubiri kwa hamu.

Bili ndo hiyo sasa. Dola 58,900, na hiyo ni ya hospitali peke yake. Daktari aliyepasua kaleta ya kwake, wa usingizi ya kwake, aliyesoma picha ya kwake, watu ambao wengine hata sura zao hatuzijui. Bima ya wasafiri wametoa elfu 3 na kitu wakasema ukomo wa kulazwa ndo huo, nikachukua ule mkataba nikausoma kwa mara ya kwanza, kumbe kweli imeandikwa.

Kilichoniudhi zaidi ni simu. Nimepiga bilingi, dada wa watu kwa upole kabisa ananiambia ukilipa leo tunakukatia asilimia 40. Hajauliza nafanya kazi gani, hajauliza chochote, dola elfu 23 na ushee zimeyeyuka kwa sekunde moja. Sasa kama zilikuwa za kuachwa kirahisi hivyo ziliandikwa za nini? Na jamaa yangu wa kazini alitolewa kidole tumbo hospitali hiyo hiyo mwaka jana, bima ya kazini kwake ililipa kama elfu 14 yakaisha.

Mama yeye kila kitu anageuza kuwa shilingi, anapata karibu milioni 150. Juzi kaniuliza kwa sauti ya chini, hivi hicho kidole walikitoa au walimwekea cha dhahabu. Halafu anaogopa kufungwa. Nilipe? Na hivi wabunge wa nchi hii hawayaoni haya?

BebaBoksi77 (Dallas)

Pole sana kaka, mpe mama pole yake. La kwanza USILIPE LEO. Hiyo "ukilipa leo" ni ya kukufanya usifikiri. Na mwambie mama hakuna anayefungwa kwa deni la hospitali, alale.

Mimi ni sienei (msaidizi wa nesi) wa hospitali mwaka wa tisa, sikai ofisi ya bilingi ila nina rafiki huko na nimeona mengi. Hiyo 58,900 imetoka kwenye kitu wanaita chajimasta, ni orodha ndefu ya bei za kila kitu kuanzia panadoli hadi chumba cha upasuaji, kila hospitali inajipangia yake. Bima kubwa hazilipi bei hizo, zimeshakaa mezani na hospitali zikakubaliana zao za chini. Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, wala haipatani, serikali imeshapanga inalipa ngapi. Sasa mtu anakuja hana bima, hana wa kumpatania, ndo anaandikiwa bei ya orodha. Yaani mwenye pesa kidogo kuliko wote ndo anapewa bei kubwa kuliko wote, nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani nataniwa.

Swali muhimu. Usiku ule ulisaini karatasi gani? Maana mgonjwa ni mama, deni ni la mama. Ila kama kuna karatasi umesaini wewe kama mdhamini wa malipo, basi umeshajiingiza.

mwana_ngamiani

Nimesaini. Walinipa kile kibao cha kielektroniki saa nane usiku mama analia pembeni, nilisaini kama mara sita, hata ningepewa hati ya nyumba ningesaini.

BebaBoksi77

Haya, omba nakala ya ulivyosaini tujue ulisaini kama nani. Na omba bili ya mchanganuo, mstari kwa mstari. Hapa Texas kuna sheria tangu Septemba 2023, hospitali haiwezi kuanza kukudai kwa nguvu kabla haijakupa mchanganuo unaoeleweka. Ukiipata soma kila mstari, utakuta vitu viwili viwili, utakuta siku tatu za kulala na mama kalala mbili.

Halafu nenda kwenye tovuti ya hospitali tafuta faili la bei. Tangu Januari 2021 serikali kuu imezilazimisha kuweka wazi bei ya orodha, bei ya keshi, na bei waliyokubaliana na kila bima. Faili ni kubwa limekaa vibaya makusudi (hili ni langu, sina ushahidi 😂) ila likifunguka utaona jirani yako mwenye bima analipa ngapi kwa kitu kile kile. Hiyo ndo silaha yako.

Na cheki kama hospitali ni ya biashara au ile isiyolipa kodi. Kama hailipi kodi, sheria ya afya ya 2010, Obamacare, inaitaka iwe na fomu ya msaada kwa wasio na uwezo, na aliyekubaliwa kwenye fomu hiyo hawaruhusiwi kumtoza zaidi ya wanavyowatoza wenye bima kwa kawaida. Una siku 240 tangu bili ya kwanza kupeleka fomu, na kabla ya siku 120 hawaruhusiwi kukushtaki wala kukuharibia kredit skoa (alama za kuaminika kwa mikopo).

Kalulu_wa_Katy

Samahani mimi nitaenda kinyume kidogo, mnisamehe. Mnaongea kama hospitali ni majambazi. Tangu 1986 kuna sheria kwamba mtu akifika emajensi lazima apimwe na atulizwe hali yake hata kama hana senti, na serikali haikuweka pesa ya hiyo kazi. Nani analipa? Mama yake mwenzetu kapasuliwa alfajiri na hakuna aliyeuliza hela kwanza. Huko nyumbani angeambiwa nenda dirisha namba mbili ukalipie glovu. Na sisi tunaleta wazazi na bima za dola 60 halafu tunashangaa.

kijiwe_Kinondoni

Nipo Dar nasoma tu. Dirisha namba mbili umeniua 😂😂 lakini Kalulu usisahau huku ukifa na deni kuna hospitali zimekuwa zikishikilia maiti, ndugu wanachangishana kwenye grupu la WhatsApp ndo mkazike. Afadhali huko wanawaandikia barua.

mama_junior (Silver Spring)

Kalulu la bima ya wasafiri nakuunga mkono, kuna zile za bei ya chini zinalipa kiasi maalum kwa kila kitu na kuna zile zinazolipa sehemu ya bili yenyewe hadi ukomo mkubwa, watu wananunua ya kwanza wakidhani ni ya pili. Lakini hoja yako ya nani analipa ina tobo kubwa. Njoo huku Maryland. Kuna tume ya jimbo ilianzishwa na bunge la jimbo 1971, INAPANGA bei za hospitali, na kila anayelipa, awe bima, awe Medicare, awe mimi na pochi yangu, bei ni karibu moja. Na gharama za wasioweza kulipa zinaingizwa humo humo kwenye bei, wote wanazibeba kidogo kidogo. Hospitali hazijafungwa. Emajensi iko wazi, sheria ya 1986 ni ile ile.

Nilijifungua hapa kabla sijapata bima ya kazi. Bili ilikuwa inauma ndiyo, lakini ilikuwa bili ya binadamu. Mdogo wangu alijifungua Florida mwaka huo huo, tukaweka bili mbili mezani tukacheka maana kulia tulishalia.

Na hao wa Florida wana historia. 2015 watafiti wawili, Ge Bai na Gerard Anderson, walitafuta hospitali 50 zenye bei za orodha za juu kabisa ukilinganisha na gharama, wakakuta kitu kinachogharimu dola 1 wanakiandika zaidi ya dola 10. 49 kati ya hizo 50 ni za biashara, na 20 ziko Florida. Sasa hiyo ni kubeba mzigo wa maskini au ni kitu kingine?

Kalulu_wa_Katy

Sawa Maryland nimekuelewa. Lakini Texas siyo Maryland.

mama_junior (Silver Spring)

Ndo ninachosema sasa!! Kwa nini siyo?

mzito_BrooklynPark

Pole bro. Wacha niongeze ya Minnesota juu tuko wengi huku. 2005 mwanasheria mkuu wa jimbo, Mike Hatch, alikalia hospitali ngumu mpaka zikaweka sahihi, kama hauna bima na mapato yako iko chini ya dola 125,000 kwa mwaka, unalipishwa kama ile kampuni kubwa ya bima inalipa. Angalia vizuri, haikuwa wabunge, ilikuwa wakili mmoja na kesi mkononi. Wabunge wa jimbo walikuja kuamka 2024, wakapitisha sheria hospitali isikunyime matibabu ju ya deni na deni ya matibabu isiingie kwa kredit ripoti. Imeanza Oktoba mwaka huo.

Siku hizi wazazi wakikuja nawaambia watu hivi, usiangalie tiketi peke yake, angalia jimbo. Mtu akiwa na watoto wawili, mmoja Texas mmoja Maryland, mama alale Maryland 😅

babu_Denver

Marahaba kijana. Mimi niko nchi hii tangu miaka ya tisini, swali lako la wabunge nitalijibu mimi maana vijana mnadhani hili limeanza jana.

2004 nilikuwa naendesha teksi sina bima, nikavunjika mkono, kwa hiyo nilikuwa nafuatilia habari hizi kama watu wanavyofuatilia mpira. Wakati ule hospitali zilikuwa zinasema jamani tungependa kuwapunguzia wasio na bima ila kanuni za Medicare zinatukataza. Februari mwaka huo waziri wa afya wa Bush, Tommy Thompson, akawaandikia kwamba hakuna kanuni yoyote inayowakataza. Kisingizio kikafa siku hiyo. Juni kamati ya Bunge la Kongresi ikawaita wakubwa wa makampuni ya hospitali wakahojiwa hadharani kwa nini asiye na bima anatozwa zaidi. Kukafunguliwa kesi majimbo mengi dhidi ya hospitali zisizolipa kodi, nyingi mahakama za serikali kuu zikazitupa. Nikasema haya, baada ya hapo sheria inakuja. Nilisubiri.

Ikaja ile ya 2010 aliyotaja BebaBoksi. Seneta Grassley alisukuma kipengele hicho na namshukuru, lakini tazameni kilivyoandikwa. Kinahusu zisizolipa kodi tu, za biashara hazigusi. Na nani anaamua maskini ni nani? Hospitali yenyewe inajiwekea kiwango cha mapato. Ni sawa na kumwambia mwenye duka apunguzie wateja maskini halafu yeye ndo aamue maskini wakoje.

Ikaja iliyoanza kazi 2022, asiye na bima lazima apewe makadirio ya bei kabla, bili ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi anaweza kupinga. Nzuri, kwa aliyepanga miadi. Mtu anayebebwa saa nane usiku kapanga miadi na nani? Desemba 2023 Baraza la Wawakilishi wakapitisha muswada wa kukaza uwazi wa bei kwa kura 320 kwa 71, vyama vyote viwili humo, ukafika Seneti ukalala mpaka muda wa bunge ukaisha. Januari 2025 serikali ikatoa kanuni ya kufuta madeni ya matibabu kwenye kredit ripoti, Julai mwaka huo huo hakimu wa hapo hapo Texas akaitengua.

Kwa hiyo wanayaona, kijana. Kila mmoja anakubali uwazi, tuonyeshwe bei, bei ziwekwe mtandaoni. Kuonyeshwa bei ni rahisi. Anayesema bei isizidi hapa ndo huwa hapati kura, kwa sababu hospitali ni mwajiri mkubwa kwenye jimbo la kila mbunge, na chama chao cha hospitali ni kati ya wanaotumia hela nyingi zaidi kushawishi Washington. Majimbo yameweza. California wana sheria tangu 2007, New Jersey 2008 waliweka asiye na bima mwenye kipato cha kawaida asitozwe zaidi ya asilimia 115 ya kile Medicare inalipa. Maandishi yapo tayari, wanakili tu.

BebaBoksi77

Babu leo umeandika kitabu 🙌🏾

babu_Denver

Mkono wangu bado unauma wakati wa baridi.

mwana_ngamiani

Wakuu narudi na mrejesho baada ya wiki tatu. Asanteni sana.

Hospitali ni ya biashara, kwa hiyo ile ya siku 240 haiwabani, ingawa wana fomu yao ya msaada na nimejaza. Karatasi nilizosaini mbili ziko kama mdhamini. Ndo hivyo. Mchanganuo umekuja kurasa 11, chumba wameandika siku tatu (BebaBoksi wewe ni mganga), na kuna dawa ambayo mama hakupewa kwa sababu ana mzio nayo na imeandikwa mpaka kwenye faili lake. Vimeondolewa, bili ikashuka hadi 51 na kitu.

Faili la bei lilifunguka kwenye kompyuta ya kazini, ya nyumbani ilikufa. Bima kubwa zinalipa kati ya elfu 11 na elfu 17 kwa kazi ile ile. Nimechapisha ukurasa huo nikaupeleka kwa mkono. Dada akautazama muda mrefu akasema sijawahi kuona mtu akileta hii. Wakasema elfu 26. Nikasema elfu 12. Wakasema elfu 19, kwa awamu, bila riba. Nikasema 13. Yaani soko la Karume kabisa, kilichobaki ni kujifanya naondoka aniite.

Kaenda kumuuliza bosi wake, Jumatatu atanipigia. Kalulu, wewe umezoea kubishana, hapo ungesimamia ngapi?

Kalulu_wa_Katy

13. Usipande. Na ukiwa na hela mkononi waambie utalipa yote siku moja, awamu wanazichukia kuliko unavyodhani.