Chaja ya betri ya lithiamu inakata chaji mapema

Swali: Ndugu mafundi, moduli yangu ya TP4056 (kibao kidogo cha kuchaji betri ya lithiamu) inaonyesha kuwa betri ya 18650 (ya lithiamu, ya mviringo) imejaa, ilhali nikiitoa na kuipima napata volti 4.0 tu. Tatizo liko wapi?

Jibu: Moduli hiyo hufika volti 4.2, kisha husitisha kuchaji mkondo unaposhuka hadi sehemu ya kumi ya ule uliopangwa. Kwa hiyo pima kwenye ncha za betri yenyewe inapochaji, kwa kuwa waya mwembamba au springi ya kishikio cha betri yenye kutu hupoteza volti njiani.

Jibu: Naafiki. Ila ncha zikipima 4.2 kisha zikashuka mara chaja inapotolewa, ukinzani wa ndani ya betri umepanda kwa uchakavu. Tafadhali usipandishe volti. Betri inaweza kuwaka moto.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nimeisafisha springi, na sasa napata 4.17.