Bima wamenikata uchakavu wa taa orijino, halafu wakanifungia feki!

Wakuu, naandika nina hasira, mnivumilie.

Nina gari, Toyota IST. Bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiharibika, nalipa mwaka wa tatu huu, sijawahi kudai hata senti. Safari hii wameandika thamani ya gari milioni 14, asilimia 3.5 ni 490,000, na VAT juu yake, jumla 578,200. Nikalipa kwa mkupuo. Mwezi uliopita bodaboda akaniparamia Tabata, boneti likakunjika na taa ya mbele kulia ikasambaratika.

Boneti sina neno, limenyooshwa vizuri. Ugomvi ni taa.

Taa yangu ilikuwa orijino, ilikuja na gari kutoka Japani. Mthamini wao akachukua bei ya orijino mpya, 600,000, akasema gari la zamani hili, changia uchakavu asilimia 30. Nikatoa 180,000 bila kubisha. Mimi ni mhasibu, hoja hiyo naijua: bima inakurudisha ulipokuwa, haikutajirishi. Ukipewa kipya badala ya kilichotumika, tofauti unabeba mwenyewe. Ni haki kabisa.

Nafika gereji, nakuta wamefunga taa ya kuiga! Plastiki nyepesi, haikai sawa na bampa, ukiiwasha inamulika matawi ya miti. Risiti nimeiona kwa macho yangu: 220,000. Pigeni hesabu wenyewe. Mimi 180,000, wao 40,000!

Yaani kunikata wamenikata kwa bei ya orijino, kununua wamenunua kwa bei ya feki. Ulinganisho gani huo? Kama unanipa orijino mpya, nikate. Kama unabana matumizi, nenda Shaurimoyo kwenye spea zilizotumika, kachukue orijino iliyotumika, iliyochakaa kama yangu, na usinikate hata shilingi mia, maana hapo umenirudishia kilekile nilichopoteza. Mimi nikiandika vitabuni mzigo wa daraja la kwanza na stoo kuna wa daraja la tatu, mkaguzi ataniacha?

Nimewauliza, nikajibiwa, "Si inawaka, dada?" Inawaka! Ndicho nilichokatia bima?

Fomu ya kukiri nimeridhika sijasaini, gari sijalichukua. Barua ya malalamiko wameipokea na kugonga muhuri. Aliyewahi kufika kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aniambie alidaiwa karatasi zipi. Taa iliyovunjika niligoma kuwaachia gereji, iko kwangu, na namba ya kiwanda inasomeka.