Tupeane uzoefu: enzi za bomba la kioo, PPF (penisilini ya sindano) na kwinini huku Nyanda za Juu Kusini

Mzee wa Kabati
Kamwene wakuu. Kuna zahanati huku Njombe wanasafisha stoo, limetoka boksi la chuma lenye mabomba ya sindano ya kioo. Vijana wanayazunguka kama wameona mafuvu. Wenye kuijua kazi hii tuiweke hapa.

Naanza na kuchemsha. Bomba halichemshwi likiwa limeunganishwa. Pistoni inatolewa, kila kipande kinaviringishwa gozi peke yake, vinaingia kwenye maji BARIDI, ndipo sufuria inapanda jikoni. Kioo ukikitumbukiza kwenye maji yanayotokota unasikia "tii!", basi, limekwenda. Yale ya Record, mwili wa kioo na pistoni ya chuma, ndiyo yalikuwa na nongwa zaidi: chuma kinatanuka kuliko kioo, ukisahau kuitoa pistoni inapasua bomba kwa ndani. Halafu namba. Bomba lina namba, pistoni ina namba. Zisipolingana dawa inarudi nyuma, inakulowesha kiganja, na mgonjwa kapata nusu dozi bila mtu kujua. Sindano nazo zinapitishwa kwenye pamba: ikinasa nyuzi, ncha imepinda, irudi kwenye jiwe la kunolea. Ikiziba kuna waya wake mwembamba wa kuzibulia. Dakika 20 zinahesabiwa maji yakishatokota, siyo ukishawasha jiko.

Ndaga Fijo
Waya wa kuzibulia!! Mzee shikamoo, umenikumbusha mbali.

Mwanamakete
Mzee wangu, dakika 20 hizo ni za Dar. Pwani maji yanachemka nyuzi 100. Iringa mjini, mita kama 1,600 juu ya bahari, ni karibu 95. Ukipanda Kitulo, zaidi ya mita 2,600, ni kama 91 tu. Maharage yenyewe yanajua. Huku dakika zinaongezwa.

Kandambili
Mnatisha watu bure. Virusi vinakufa kwenye 91 na kwenye 100. Mbegu za vijidudu vya pepopunda hazifi kwenye sufuria hata ukachemshie Tanga ufukweni. Sasa tofauti iko wapi?

Mwanamakete
Tofauti iko hapo hapo ulipoishia. Kwa sababu ya hizo mbegu ndiyo miaka ya 80 chanjo zikaja na vile vyungu vya mvuke wa shinikizo, vya kukaa juu ya jiko la mafuta ya taa, na mabomba ya plastiki ya kurudia. Navyo huku vinadanganya. Geji ikisoma 15 (paundi kwa inchi ya mraba) pwani, ndani ni nyuzi 121. Ikisoma 15 hiyo hiyo kwenye mita 2,000, ndani ni karibu 118, kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi na geji inapima kilichozidi tu. Inabidi ifike 18 hivi. Ndiyo maana kulikuwa na kale kakaratasi kenye doa: doa halijageuka rangi, mzigo unarudi, geji iseme inachosema.

Kandambili
Sawa profesa.

Fundi Friji
Mkishamaliza sufuria tuje kwenye baridi. Watu wanadhani adui wa chanjo ni joto. Makete mwezi wa sita na wa saba adui ni barafu. Yale mafriji ya mafuta ya taa hayajui kwamba nje ni usiku wa jalidi. Mwali uliowekwa mchana unaendelea kuvuta joto usiku kucha, asubuhi kipimajoto kiko chini ya sifuri. Chanjo ya pepopunda, DPT (dondakoo, kifaduro na pepopunda) na homa ya ini zikiganda zimekufa, na ukiziyeyusha zinaonekana nzima kabisa kwa macho. Surua na BCG (ya kifua kikuu) za unga hazina shida na kuganda.

Dawa yake: mwali unapunguzwa jioni, utambi unakatwa sawasawa, moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano unatoa masizi, bomba la moshi linaziba, friji inakufa taratibu. Ukiwa na wasiwasi, chukua kichupa kimoja cha toleo lile lile, kigandishe makusudi usiku mzima, kiyeyushe. Kitikise pamoja na unachokishuku, viweke mezani nusu saa. Kilichoganda kinaacha machicha, yanatua chini upesi na juu panabaki maji. Vikitua sawa, mwaga toleo zima.

Igawilo Stendi
Na barafu za kwenye kibebeo cha chanjo usizipange zikiwa jiwe. Mpaka ukitikisa usikie maji yanacheza ndani.

Sista Mstaafu
Nyie mnazungumzia vyombo. Kwinini mmeisahau?

Ampuli ya kwinini ni 600 mg ndani ya 2 ml. Kwa mtu mzima wa kilo 60 ndiyo dozi, inaingia kwenye dripu ya glukosi 5% ya 500 ml, saa 4, kila baada ya saa 8. Kwa mpira wa matone 20 kwa ml, hayo ni matone 42 kwa dakika. Sasa wodi ina vitanda 30 na muuguzi mmoja wa usiku. Ndugu wa mgonjwa anaona dripu inadondoka kwa maringo, anazungusha kile kigurudumu ili mtu wake "apate nguvu". Chupa inaisha kwa dakika 40. Presha inaporomoka, mapigo yanavurugika, na moyo unaweza kusimama pale pale. Mwingine haendi hivyo: kwinini inaamsha insulini, sukari inashuka, mtoto anazidi kuzima. Wote wanasema malaria imepanda kichwani, wakati dawa ilikuwa glukosi 10%, 5 ml kwa kila kilo.

Lakini kibaya kuliko vyote ni ile ya mtaani. Hela ya dripu hakuna, mchoma sindano anaitwa nyumbani, anavuta ampuli bila kuizimua na kuizamisha kwenye kalio la mtoto. 300 mg kwa ml ni kali, inaunguza nyama. Ikimwagika jirani na neva ya siatika, ule mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, asubuhi mtoto anashuka kitandani, kidole gumba cha mguu kinaburuza sakafu. Anainua goti juu kama anaruka mfereji kwa sababu kanyagio limening'inia. Kiatu kinalika mbele tu. Kijijini wanasema karogwa. Hospitali, kwa kuwa yuko chini ya miaka 15 na mguu umelegea ghafla, anaandikwa mshukiwa wa polio, choo kinachukuliwa mara mbili, kisafirishwe kwenye baridi. Majibu yanarudi hakuna polio. Mguu uko vile vile.

Ndaga Fijo
Mungu wangu. Kanyagio hilo wengi tumelizoea kuliona sokoni, tukajua polio.

Tukuyu Mvua
Hivi huyo mtoto anapona?

Sista Mstaafu
Wengine hurudi taratibu kwa miezi, wengine hapana. Mguu ufungiwe kibao usikakamae, mazoezi kila siku. Na wala asichomwe nyingine kalio hilo.

Kandambili
Kwa hiyo kalio lifutwe kabisa? PPF tungeichoma wapi?

Mzee wa Kabati
Gawa kalio mafungu manne, choma la juu nje.

Mwanamakete
Mtoto wa chini ya miaka 2 hana kalio la kugawa. Paja, upande wa nje.

Igawilo Stendi
Ukimaliza sugua sana, dawa isambae.

Sista Mstaafu
Usisugue Depo, sindano ya uzazi wa mpango! Ile inatakiwa itoke polepole miezi 3, ukisugua unamharakishia mama mimba.

Tukuyu Mvua
😂 Kumbe mapacha wa jirani ni wa kusugua.

Mzee wa Kabati
Na ile nzito, penisilini ya benzathini yuniti milioni 2.4, maji ya sindano 8 ml, nusu kalio hili nusu lile, sindano nene namba 19. Ukichelewesha baada ya kuvuta inaganda kwenye tundu, ukisukuma kwa hasira sindano inachomoka, dawa yote kwenye ukuta. Vuta pistoni nyuma kwanza: ukiona damu, toka. Na adrenalini ya mzio iwe mezani, siyo kabatini.

Fundi Friji
Wa TB nao walichomwa streptomaisini kila siku miezi 2 ya mwanzo, wamelazwa. Tangu mpango wa taifa ulipoanza 1977. Akianza kuomba umrudie swali, simamisha, dawa imeanza kula masikio.

Kliniki Ofisa
Vijana wa sasa mnashukuru artesuneti, sindano ya siku hizi ya malaria kali. Utafiti uliotoka 2010, watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika na Tanzania ikiwemo: waliokufa kwa kwinini 10.9%, kwa artesuneti 8.5%. Kichupa cha 60 mg unatia 1 ml ya baikaboneti iliyokuja nayo, tikisa mpaka iwe angavu, kisha 5 ml ya maji ya chumvi kwa mshipa, au 2 ml kwa msuli. Ikibaki na ukungu tupa. Tumia ndani ya saa 1. Chini ya kilo 20 ni 3 mg kwa kilo, saa 0, 12, 24. Mtoto wa kilo 12 ni 36 mg, yaani 3.6 ml ya mshipa. Maji ya sindano usitie.

Igawilo Stendi
Mbona wengi wanatia?

Kliniki Ofisa
Na wengi wanakosea. Akishaweza kumeza, ALu (dawa mseto ya malaria) kamili siku 3. Usimwachie sindano peke yake, vijidudu vinarudi.

Ndaga Fijo
Mzee wa Kabati, hayo mabomba ya Njombe namba zinalingana?

Mzee wa Kabati
Mabomba sita, pistoni nne. Iliyolingana ni moja.