Magnepan 1.7 za mtumba au MartinLogan? Sebule iko Isamilo, jamaa anataka jibu Jumamosi

Sangara_Isamilo:
Habari za jioni wakuu. Kuna jamaa anahama nchi anauza spika za Magnepan 1.7, zile za paneli bapa kama ubao, milioni 4 pea, mwingine yuko Dar ana spika za MartinLogan, anataka 5 na nusu mpaka zinafika Mwanza. Hizo Magnepan nimezisikia kwake wiki iliyopita, akaweka rumba ya zamani, aisee nikasikia mwimbaji anavuta pumzi kabla hajaanza, nimerudi nyumbani nikawasha spika zangu nikazima. Nichukue zipi na niziweke wapi? Sebule ni ya kawaida tu.

Fundi_Kirumba:
Sebule ya kawaida ndo ipi mkuu? Leta urefu, upana, chini kuna vigae au zulia, na ampu gani unatumia. Bila hivyo tunapiga ramli.

Besi_Igoma:
Achana na hayo maubao kaka. Chukua mabox mazuri na sabufa ya inchi 12, chenji itabaki. Paneli haina kifua, nilipiga singeli kwenye paneli za rafiki yangu, ngoma naisikia masikioni ila tumboni haifiki.

Sangara_Isamilo:
Samahani wakuu. Urefu mita 5.2, upana 3.9, dari jipsam, chini vigae na kazulia kadogo. Ampu ni risiva ya home theatre, imeandikwa wati 100 kwa omu 8. Halafu nimesahau kitu, ukuta wa TV sio tofali, ni jiwe lenyewe. Nyumba imeegemea mwamba, mzee hakutaka kulivunja akaliacha liingie ndani.

Fundi_Kirumba:
Sasa tunaongea. Kwanza risiva. Magnepan ni omu 4, yaani ampu inasukuma umeme mwingi kuliko kwa omu 8, na ile 86 dB wanayoandika, kipimo cha sauti inayotoka kwa umeme kidogo, ni kwa volti 2.83, kwa omu 4 hiyo ni wati 2 sio 1, kwa hiyo kiukweli ni kama 83. Zinakula umeme. Risiva yako itachemka, ukipandisha sauti itajizima. Weka bajeti ya ampu inayokubali omu 4 bila kulalamika.

Pili nafasi. Paneli inatoa sauti mbele na nyuma sawasawa, ila ya nyuma imegeuzwa, mbele ikisukuma hewa nyuma inavuta. Ukiibandika ukutani ile ya nyuma inarudi inaua besi, ndo watu wanasema haina kifua. Ivute mbele mita 1 na nusu, sauti ya nyuma inatembea mita 3 za ziada, inachelewa kama milisekunde 9, sikio linaipokea kama ukubwa wa chumba badala ya vurugu. Ubavuni hazitoi karibu chochote, kwa hiyo upana wa 3.9 usikutishe.

Besi_Igoma:
Mita 1 na nusu kutoka ukutani kwenye sebule ya mita 5! Watoto watapita wapi? Wageni wakija wanakaa nyuma ya spika?

Mzee_wa_Bwiru:
Vijana, kama ni paneli basi elektrostatiki, zile zinazotetemesha utando mwembamba kwa chaji ya umeme. Spika ya Quad ya Peter Walker ilitoka Uingereza 1957 na mpaka leo watu wanaitafuta kwa sauti ya binadamu. MartinLogan ina ule utando wa umeme juu na wufa, spika ya besi, ya kawaida chini, kwa hiyo hata Besi_Igoma ataridhika. Mimi ningechukua hizo.

Fundi_Kirumba:
Shikamoo mzee wangu. Sikatai sauti, ila elektrostatiki lazima ichomekwe ukutani, ndani mna volti maelfu, na chaji ile inavuta vumbi. Jumlisha na unyevu wa ziwa, na wale wadudu wanaotanda kama moshi wakivuka dirishani. Magnepan ni sumaku tu, haichomekwi popote.

Dada_wa_Kemondo:
Hata za sumaku zinaumwa, Sangara soma hii taratibu. Mume wangu alinunua Magnepan za miaka ya 80, zikavuka na meli kuja Bukoba zimefungwa kwenye magodoro. Sebule yetu inatazama ziwa, jua la asubuhi linaingia moja kwa moja, na spika ndo zilikuwa dirishani. Miezi saba raha tupu. Wa nane ya kushoto ikaanza kulia kama nzi kafungiwa kwenye kopo, ila kwa noti za chini za piano tu. Tukabadili waya, tukaazima ampu, tukalaumu umeme. Fundi akaja akasema twita, ile ya sauti nyembamba za juu, akabadili fyuzi ya nyuma, akachukua hela yake, nzi yuko palepale. Mwisho tukailaza mezani nikatoa pini za stepla moja moja kwa bisibisi, nikavua kile kitambaa. Nyaya za alumini zimebanduka kwenye plastiki, sehemu kama kiganja changu, zinaning'inia, na gundi imekuwa unga wa njano unaobaki kidoleni. Fundi wa pili akapaka gundi ngumu, plastiki ikajikunja, spika ikawa bubu. Mpaka leo ziko stoo. Kabla hujalipa omba piano na besi ya chini kwa sauti kubwa, na mulika tochi kwa nyuma uangalie. Na dirishani usiziweke!

Fundi_Kirumba:
Pole sana dada. Ila 1.7 sio nyaya, toka itoke 2010 ni ukanda bapa wa foili. Kubanduka kunaweza kutokea, ila usiifananishe na ya miaka ya 80.

Dada_wa_Kemondo:
Gundi ni gundi kaka. Jua ni jua.

Mzee_wa_Bwiru:
Mimi hilo jiwe ndo linanivutia. Kama lina mabonde na matuta linatawanya sauti ya nyuma vizuri kuliko plasta.

Fundi_Kirumba:
Inategemea kina mzee wangu. Matuta ya sentimita 10 yanaanza kusaidia kwa sauti za kama hezi 850 kwenda juu, zile za chini ya hapo, nene, zinaliona jiwe kama ukuta tu. Sangara pima kina, tena tuambie masika linatoka jasho?

Sangara_Isamilo:
Linatoka jasho wakuu, mwezi wa nne unapitisha mkono unalowa. Matuta mengine yanafika kiganja na nusu.

Besi_Igoma:
Na bati je? Mvua ikinyesha hata spika za milioni 20 husikii kitu.

Dada_wa_Kemondo:
Sisi tulijaza mabua ya migomba juu ya dari, ikapungua kweli, ila panya wakahamia.

Mzee_wa_Bwiru:
Panya kwenye dari nina historia nao ndefu. Nani anauza ile sufi ya kioo ya kujaza juu ya dari hapa Mwanza kwa bei ya mtu wa kawaida?

Sangara_Isamilo:
Wakuu jamaa kapiga simu, kuna mteja mwingine. Nimeomba kesho asubuhi niende na tochi na CD ya piano. Fundi_Kirumba unaweza kuja na ampu yako? Nauli juu yangu.