MREJESHO: Mtihani wa nadharia ya kupiga mbizi, nimefaulu

Habari zenu wakuu. Niliomba ushauri wa kusomea mtihani wa cheti cha kwanza cha kupiga mbizi kwa mtungi, maana hesabu za shinikizo zilikuwa zinanitoa jasho. Nimepita, asanteni sana.

Aliyesema niache kukariri nianze kuchora, ubarikiwe. Nilichora puto la lita 12 likishuka: juu ya maji shinikizo ni bar 1 (yaani la hewa ya kawaida), mita 10 ni 2 na puto linabaki lita 6, mita 20 ni 3 na lita 4, mita 30 ni 4 na lita 3. Sasa geuza mchoro. Hewa uliyoivuta ukiwa mita 10 inataka kutanuka mara mbili ukifika juu, na ukiwa umebana pumzi mapafu yanaweza kupasuka. Maswali ya kupanda taratibu, na kwa nini mtungi unaisha haraka ukiwa chini zaidi, yakajijibu yenyewe.

Jedwali la nitrojeni (linaloonyesha unaweza kukaa kina gani kwa muda gani kabla gesi hiyo haijazidi mwilini) linatisha kwa macho tu. Pitisha kidole mstari kwa mstari, basi. (Kozi nyingine siku hizi zinatumia kompyuta ya mbizi inayovaliwa mkononi kama saa badala ya jedwali.)

Ishara za mikono msizidharau: dole gumba juu ni "tupande", si "niko poa"!

Bado mbizi zenyewe. Mwenye mbinu ya kutoa maji ndani ya maski bila kupaliwa, naomba aimwage hapa.